Sarafu ya dhahabu yenye jina la Theodosius: ni Theodosius yupi?

Msomaji wetu wa Mombasa ameniletea picha mbili na swali moja. Marehemu babu yake alikuwa nahodha wa jahazi, akisafiri kwa kaskazi na kusi baina ya Mwambao, Aden na Malabar, na alipofariki aliacha sarafu moja ya dhahabu ambayo bibi alikuwa akiivaa shingoni siku za harusi. Sonara ameipima akapata gramu 4.31 na upana wa milimita 21. Juu ya kichwa cha mtu aliyechorwa pana matundu mawili yaliyokaribiana. Msomaji amenakili herufi kama alivyoziona: upande wa kichwa D N THEODOSI VS P F AVG, upande wa nyuma IMP XXXXII COS XVII P P, na chini kabisa COMOB. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale alimwambia kwamba huyo ni Kaisari Justinian, kwa kuwa sura ni ileile aliyoiona kwenye sarafu nyingine ya Justinian. Mwingine alisema ni Theodosius Mkuu, na kwamba sarafu imetoka Italia kwa sababu ya neno COMOB. Msomaji anauliza ni yupi kati yao aliyesema kweli, na yeye mwenyewe atumie njia gani akikutana na nyingine ya namna hiyo.

Ndugu yangu, wote wawili wamekosea, ingawa kila mmoja alikuwa na sababu yake. Sarafu uliyonayo ni ya aina iitwayo solidi, sarafu ya dhahabu ya Dola ya Roma, yenye jina la Theodosius II, mjukuu wa yule Theodosius Mkuu, na aina hii iligongwa Konstantinopoli, mji mkuu wa Roma ya mashariki (Istanbul ya leo), katika miaka ya 440. Nitakueleza nilivyofikia hapo hatua kwa hatua, kwa sababu njia ndiyo itakayokufaa zaidi kuliko jibu.

Nianze na kosa la yule bwana wa kwanza, maana karibu kila mtu hulifanya. Alitazama sura. Kwenye sarafu za makaisari wa mwanzo, wakati wa Nero au Vespasian, sura ilikuwa sura ya mtu: shingo nene, pua ya kipekee, kidevu kinachoning'inia, na ukishazizoea unaweza kumtaja mwenyewe bila kusoma hata herufi moja. Kufikia mwisho wa karne ya 4 mambo yalikuwa yamebadilika kabisa. Fundi hakuwa tena akimchora Fulani bin Fulani. Alikuwa akichora ukaisari. Mtu kijana, asiye na ndevu, macho makubwa, uso mtulivu usioonyesha umri, na mapambo ya cheo kumzunguka. Julian, aliyetawala kuanzia 361 hadi 363, ni miongoni mwa wachache unaoweza kuwatambua kwa kuwatupia jicho tu, kwa zile ndevu zake ndefu za kifilosofia. Wengine, hata waliofia uzeeni, wamebaki vijana milele kwenye dhahabu.

Itazame tena picha yako ya kwanza. Mtu anakutazama, uso umegeuka kidogo upande mmoja, amevaa chapeo yenye kishada na utepe wa lulu, mkuki umepita nyuma ya kichwa ukilala begani, na mkononi ana ngao ndogo iliyochorwa mpanda farasi anayemkanyaga adui. Mchoro huu ulianza kutumika katikati ya karne ya 4 chini ya Constantius II, ukafanywa kuwa wa kawaida upande wa mashariki alipotawala Arcadius kuanzia 395, kisha ukarithiwa na Theodosius II, Marcian, Leo, Zeno, Anastasius, Justin na hata Justinian mwenyewe katika miaka yake kumi na kitu ya mwanzo. Ni mnamo 538 au 539 tu ndipo Justinian alipouacha, akachorwa uso mkavu moja kwa moja, mkuki ukaondoka, na mkononi akashika tufe lenye msalaba. Kwa hiyo yule bwana alikuwa amewahi kuiona sura hii kwenye sarafu ya Justinian. Hilo sina shaka nalo. Lakini sura hiyo ilivaliwa kama joho la cheo, kwa muda wa karibu miaka 150, na kila aliyekalia kiti. Kwa kawaida inakwambia kwamba sarafu ni ya mashariki na kwamba ni ya baada ya 395, wala haikwambii zaidi ya hapo.

Hata hilo dogo, hata hivyo, linatosha kumwondoa Theodosius Mkuu. Yeye alitawala kuanzia 379 hadi 395, na kwenye dhahabu yake amechorwa ubavu, akitazama kulia, na utepe wa lulu kichwani badala ya chapeo. Ukiona jina Theodosius na mtu wa ubavu, mfikirie babu. Ukiona jina Theodosius na mtu wa chapeo na mkuki anayekutazama, ni mjukuu. Kwa majina mengine haiwi rahisi hivi.

Sasa maandishi. Mtu asiyejua Kilatini asiogope, kwa sababu maneno yenyewe ni machache na yanajirudia. D N ni Dominus Noster, yaani Bwana Wetu. Halafu linafuata jina. P F AVG ni Pius Felix Augustus, mcha Mungu, mwenye heri, Kaisari. Herufi V hutumika mahali pa U, na baina ya maneno mara nyingi hakuna nafasi, ila pengine nukta. Jambo linalowachanganya watu ni kwamba maandishi hukatwa na kichwa: huanza chini kushoto, hupanda hadi kufika kwenye kishada cha chapeo, kisha huruka upande wa pili na kushuka. Kwenye sarafu yako mkato umeangukia ndani ya jina lenyewe, THEODOSI upande mmoja na VS upande wa pili, na matundu yale mawili yamezidi kupaharibu mahali hapo. Nahisi ndivyo yule bwana alivyoponzwa. Aliona mwisho wa upande wa kushoto na mwanzo wa upande wa kulia vikifanya kitu kama IVS, akakumbuka IVSTINIANVS, akatosheka. Lau angesoma kuanzia chini angekutana na THE. Na lau angesoma hadi mwisho angeona P F AVG, ilhali Justinian huandikwa P P AVG, Perpetuus Augustus, Kaisari wa daima. Herufi moja ya F ingemwokoa.

Huo mwisho wa maandishi uzoee, kwa maana unasaidia sana. Marcian na Theodosius II hutumia P F AVG. Kaisari Leo huandikwa D N LEO PERPET AVG, Zeno D N ZENO PERP AVG, kisha kuanzia Anastasius, aliyeingia 491, P P AVG inakuwa ndiyo desturi. Sarafu iliyolika hata jina halisomeki, lakini ikabakiza mkia wa maandishi, bado inaweza kukaribiwa.

Majina yanayofanana ndiyo shida ya kweli ya kazi hii. Wana wa Constantine peke yao wanatosha kumtoa mtu jasho: CONSTANTINVS, CONSTANTIVS na CONSTANS ni watu watatu tofauti, na silabi moja tu ikifutika hujui uko kwa nani. Kina Valentinian ni watatu. Wa pili, aliyefanywa kaisari akiwa mtoto mwaka 375, mara nyingi huongezewa IVN, yaani mdogo, na wa tatu hutanguliwa na PLA, kifupi cha Placidius, kwa hiyo D N PLA VALENTINIANVS ni mtu wa karne ya 5 bila mjadala. Kina Justin ni wawili na jina lao halitofautiani hata kwa nukta, lakini Justin I, wa 518 hadi 527, bado ana mkuki na chapeo iliyogeuka kidogo, na nyuma kuna malaika au mwanamke mwenye mabawa aliyeshika msalaba. Justin II, wa 565 hadi 578, anatazama mbele kabisa, na nyuma kaketi mwanamke anayewakilisha mji wa Konstantinopoli. Mwandishi wa wakati huo, Yohana wa Efeso, anasimulia kwamba watu walimfananisha mwanamke huyo na Afrodite, na kwamba kaisari aliyefuata, Tiberius, alimwondoa akaweka msalaba uliosimama juu ya ngazi. Inaonekana hata wenyewe hawakuwa na uhakika wanamtazama nani, basi sisi tusione haya.

Nimekuja upande wa nyuma wa sarafu yako, ambao kwangu ndio wenye utamu. Mwanamke ameketi akitazama kushoto, mkono mmoja ameshika tufe lenye msalaba, mwingine fimbo ya enzi, ngao imeegemezwa kando ya kiti, nyota moja iko mbele yake, na mguu wake umekanyaga kitu ambacho wewe umekiita jiwe lililochongoka. Si jiwe. Ni omo ya chombo, na nadhani marehemu babu yako aliitambua siku ya kwanza. Mwanamke huyo ni Konstantinopoli, mji wa bahari, na omo ndiyo alama yake.

Maandishi yanayomzunguka si sala wala sifa kama yalivyo mengi, ni hesabu. IMP XXXXII inahusu mwaka wa 42 wa ukaisari, COS XVII ni ubalozi mkuu wa 17, yaani kile cheo cha kale cha Roma cha mwaka mmoja ambacho makaisari walijitwalia mara kwa mara, na P P hapa si Perpetuus bali Pater Patriae, Baba wa Nchi. Theodosius II alifanywa kaisari mwenza na baba yake tarehe 10 Januari 402, akiwa bado hajatimiza mwaka mmoja tangu kuzaliwa. Mwaka wa 42 kuanzia hapo unaangukia 443. Alishika ubalozi wa 17 mwaka 439 na wa 18 mwaka 444, kwa hiyo hesabu zote mbili zinakutana pazuri. Hata hivyo mihuri ya namna hii haikuachwa mwaka ulipokwisha, na ndiyo maana nimesema miaka ya 440 badala ya kukutajia mwaka mmoja. Kaisari mwenyewe alifariki Julai 450 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi.

Hapa pana mtego mmoja zaidi. Konstantinopoli iligonga sarafu zenye mgongo huu huu kwa majina ya watu wengine wa nyumba ya kifalme, akiwamo Valentinian III wa magharibi na malkia Eudocia, mke wa Theodosius. Hesabu ya 42 na 17 ni ya Theodosius peke yake, lakini imebandikwa kwa wote. Kwa hiyo mtu akikuletea sarafu yenye IMP XXXXII usikimbilie kusema ni Theodosius. Igeuze usome jina.

Kwa nini dhahabu nyingi kiasi hicho iligongwa katika miaka hiyo michache? Jibu lililo wazi zaidi ni Attila, mfalme wa taifa la Wahuni (Huns kwa Kiingereza). Priscus, mwandishi wa historia aliyekwenda mwenyewe hadi kambini kwa Wahuni katika ujumbe wa kaisari, anaandika kwamba baada ya kushindwa vitani Konstantinopoli ilikubali kulipa malimbikizo ya ratili 6,000 za dhahabu, na juu ya hapo ratili 2,100 kila mwaka. Ratili moja ya Kirumi ilitoa solidi 72. Piga hesabu: malimbikizo peke yake ni solidi 432,000, na kodi ya mwaka ni 151,200. Mwaka 1963 huko Szikáncs, karibu na Hódmezővásárhely katika Hungaria, palifukuliwa hazina ya solidi 1,439, nyingi zikiwa za Theodosius II na aina hii ya kwako ikiwamo kwa wingi. Ndiyo sababu aina hii haihesabiwi kuwa adimu. Nakwambia mapema ili asije mtu akakuaminisha kwamba umeshika kitu kisicho na mwenzake duniani, wala asije mwingine akakununulia kwa bei ya uzito wa dhahabu.

Sasa COMOB, lile neno lililompoteza bwana wa pili. Sehemu hii ya chini, chini ya mstari wanapokanyaga watu waliochorwa, ndipo kiwanda cha sarafu kinapojitaja. Sehemu ya mwisho, OB, ni kifupi cha obryziacum, dhahabu iliyosafishwa kwa moto. Iliingia miaka ya 360, wakati Valentinian I na ndugu yake Valens walipoamuru dhahabu ya kodi iyeyushwe na kusafishwa kwanza kabla ya kugongwa upya, kwa kuwa sarafu zilizopokewa zilikuwa zimechanganywa. Wako wanaosema pia kwamba kwa hesabu za Kigiriki O ni 70 na B ni 2, kwa hiyo OB inasomeka 72, idadi ya solidi katika ratili. Huenda waliobuni alama hiyo walifurahia kwamba inasomeka kwa njia zote mbili. CONOB basi ni dhahabu safi ya Konstantinopoli, na TROB ni ya Trier, mji wa Ujerumani ya leo. COMOB kwa kawaida ni ya magharibi, hasa Italia, na herufi zake za mji huwa zimewekwa hewani, moja kila upande wa mtu aliyesimama: R na V ni Ravenna, R na M ni Roma, M na D ni Mediolanum, yaani Milano ya leo.

Yule bwana alizijua kanuni hizi, na ningempa mkono kwa hilo. Lakini aina ya IMP XXXXII ndiyo inayovunja kanuni: imegongwa Konstantinopoli na ikaandikwa COMOB. Utajuaje kwamba si Ravenna? Kwanza, hakuna R wala V pembeni mwa mwanamke. Pili, michoro yenyewe ni ya mkono wa mashariki, na chapeo ile yenye mkuki haikuwa desturi ya Ravenna ya wakati huo, ambako Honorius na Valentinian III walichorwa ubavu. Vilevile usiamini kinyume chake bila kuuliza, yaani kwamba CONOB lazima iwe Konstantinopoli. Alama hiyo ilipata heshima sokoni kiasi kwamba viwanda vingine viliitumia, na baadaye wafalme wa Wagothi na wa Waburgundi waliinakili pamoja na jina la Anastasius au Justinian, wakagonga dhahabu yao chini ya kivuli cha kaisari. Katika sarafu nyingi za kweli za Konstantinopoli utaona pia herufi moja ya Kigiriki mwishoni mwa maandishi ya nyuma, baada ya VICTORIA AVGGG, ambayo ni namba ya karakana ndani ya kiwanda, kuanzia A hadi I, jumla kumi. Watu huidhani kuwa sehemu ya neno. Na zile G tatu, ambazo mwanzoni zilihesabu makaisari waliokuwa wakitawala pamoja, zilikuja kuganda. Marcian anazitumia ingawa makaisari hawakuwa watatu.

Uzito nao una neno lake. Constantine aliianzisha solidi karibu na mwaka 309 kwa kiwango cha 72 katika ratili, yaani gramu 4.5 hivi, mahali pa sarafu ya dhahabu ya zamani ambayo Nero aligonga 45 katika ratili na Diocletian 60. Kiwango hicho cha 72 kilidumu mamia ya miaka. Solidi iliyotunzika vizuri huja kati ya gramu 4.4 na 4.5, nusu yake, semisi, ni gramu 2.2 hivi, na theluthi yake, tremisi, gramu 1.5 au chini kidogo. Iligawanywa pia katika sehemu 24 za hesabu, na Wagiriki waliiita sehemu moja keration, punje ya mti wa karuba. Hiyo ndiyo karati anayokutajia sonara wako hadi leo anaposema pete ni ya karati 22: sehemu 22 za dhahabu katika 24. Na ule mstari wa mshazari tunaouweka kwenye bei, 500/=, unatokana na herufi s ndefu ya hesabu za zamani za Waingereza, ambamo shilingi iliandikwa kwa s ya solidi. Kwa hiyo umekuwa ukiandika jina la sarafu hii kila ulipokwenda dukani.

Yako ina gramu 4.31. Mtu anaweza kushtuka kwamba imepungua, lakini usisahau matundu. Kila tundu la upana wa milimita mbili, kwenye dhahabu yenye unene wa sehemu saba za kumi za milimita, huondoa karibu gramu 0.04. Rudisha matundu mawili na uko kwenye 4.39 au 4.40, na miaka ya kuvaliwa imekula kilichobaki. Uzito unakubalika.

Matundu hayo, kwa kweli, yamenifurahisha kuliko kaisari. Sarafu iliyotobolewa tundu moja hupatikana kila mahali. Matundu mawili sambamba juu ya kichwa, ili sura ikae wima kifuani bila kuzunguka kwenye uzi, ni desturi inayojulikana hasa kwenye solidi zilizopatikana kusini mwa India. Hazina ya Akki Alur katika jimbo la Karnataka, yenye sarafu 43 za dhahabu za Kirumi, ni mfano mmojawapo. Biashara ya pilipili ilizipeleka huko. Cosmas, mfanyabiashara wa Aleksandria wa karne ya 6, anajigamba kwamba dhahabu ya Warumi ilipokewa toka mwisho mmoja wa dunia hadi mwingine, na anasimulia mwenzake aliyeitwa Sopatros alivyobishana na Mwajemi mbele ya mfalme wa Taprobane, ndiyo Sri Lanka, juu ya nani mwenye mfalme mkubwa zaidi. Mfalme akaletewa dhahabu ya Mrumi na fedha ya Mwajemi, akazitazama, akaamua. Kwa kuwa marehemu alifika Malabar, siwezi kukuapia kwamba aliipata huko, lakini matundu yanaelekea huko kuliko Aden. Wahindi walitengeneza pia nakala zao za solidi kwa ajili ya vidani, na hizo hujulikana kwa maandishi yake, maana fundi alikuwa akichora herufi asizozijua na matokeo yake ni vijiti na duara visivyosomeka. Yako inasomeka herufi kwa herufi, hesabu na zote, kwa hiyo si nakala ya namna hiyo.

Umeniuliza pia, kama nyongeza, juu ya kisarafu kidogo cha dhahabu cha binamu yako, chenye mfalme katikati ya masuke mawili. Hicho si cha Roma. Masuke mawili yanayomzunguka mfalme ni alama ya Aksum, dola ya Ethiopia na Eritrea ya kale, ambayo ilianza kugonga dhahabu mwishoni mwa karne ya 3 chini ya mfalme Endubis, ikaandika kwa Kigiriki, na baada ya Mfalme Ezana kubatizwa ikaweka msalaba mahali palipokuwa na mwezi. Kwenye mizani kitakuja karibu na gramu 1.6. Dhahabu za dola hizi mbili zilitembea pamoja: huko al-Madhariba nchini Yemen, si mbali na Aden, zilipatikana katika chombo kimoja sarafu 868 za Aksum na 326 za Kirumi. Cha binamu yako, basi, kinaweza kweli kuwa kimetoka Aden.

Imebaki kujua kama yako ni halisi. Usikubali sonara aikwaruze kwenye jiwe la tindikali. Kwanza ataiumiza, na pili jibu lake halitakusaidia, kwa kuwa anayeghushi siku hizi hutumia dhahabu ya kweli. Unaweza kuipima majini bila madhara: ifunge kwa uzi mwembamba, iteremshe katika bilauri ya maji iliyowekwa juu ya mizani nyepesi bila kugusa chini, na mizani inapaswa kuongezeka kwa gramu 0.22 au 0.23. Ingekuwa shaba nyeupe iliyopakwa dhahabu ingeongezeka 0.5. Kipimo hiki kinaondoa takataka tu, hakithibitishi umri. Kinachothibitisha ni alama za kugongwa. Sarafu ya kweli ilikuwa kidonge bapa kilichowekwa baina ya mihuri miwili ya chuma na kupigwa nyundo, na dhahabu ikakimbilia ukingoni kwa kishindo, ikaacha mistari myembamba inayotoka kwenye herufi kwenda nje. Sarafu ya kumiminwa kwenye kalibu haina mistari hiyo. Herufi zake zina migongo ya mviringo kama sabuni iliyotumika, uso una vishimo vidogo vya hewa, na ubavuni mara nyingi kuna mstari uliosuguliwa kwa tupa.

Picha zako zimepigwa kwa mwanga wa juu, ambao hulainisha kila kitu, kwa hiyo mistari hiyo siioni wala siwezi kusema haipo. Niletee nyingine tatu. Iweke sarafu juu ya kitambaa cheusi, washa taa moja tu, ilaze taa hiyo chini ubavuni ili kivuli cha kila herufi kianguke, kisha piga picha ya karibu ya neno COMOB, ya pili ya ubavu wa sarafu ukiizungusha, na ya tatu ya ndani ya matundu, kwa sababu tundu la zamani huwa na midomo iliyolika kwa uzi upande wa juu na la juzi lina kingo kali. Usiisafishe kwanza kwa dawa yoyote, hata ndimu, na mtu akijitolea kuyaziba matundu kwa lehemu, mkatalie; ataondoa sehemu pekee ya sarafu hii inayosimulia safari yake. Na kama nyaraka au barua za marehemu zinazoitaja bado zipo sandukuni, ziweke pamoja nayo, maana siku utakapotaka kuivusha mpaka au kuiuza kihalali, swali la kwanza utakaloulizwa ni lini na wapi iliingia mikononi mwenu.